Kiberiti Kimoja cha Manyoya

Nilifika kwa fundi mmoja wa kuchora, Jumamosi moja saa sita mchana, nikamkuta shingoni mwa mbwa. Niliondoka saa kumi na moja jioni, bado yuko shingoni. Kwa saa tano hizo alikuwa amejaza sehemu ambayo ningeweza kuifunika kwa kiberiti. Aliponiuliza naionaje, nilimwambia kweli: penseli siioni tena, naona manyoya mafupi ya mbwa aliyeota jua.

Chumba chake kiko Muhima, kwenye ule mteremko unaotoka katikati ya mji wa Kigali kushuka Nyabugogo. Anayeijua Muhima anazijua kelele zake: mabasi yanayopanda kwa gia nzito, pikipiki za abiria, wauza vifaa vya ujenzi upande wa eneo liitwalo Yamaha, na magari yanayowawahisha akina mama wajawazito Hospitali ya Muhima. Yeye amekaa katikati ya hayo yote na meza yake, kiti cha mbao, taa moja, na kopo la maziwa ya unga lililojaa penseli za rangi zilizochongwa hadi ncha zikawa kama sindano. Anachora mbwa. Huchora watu na ng'ombe pia akiombwa, lakini ukitaka kuujua mkono wake, mwombe akuonyeshe mbwa.

Mimi si mchoraji. Nilianza kwenda kwake kwa udadisi wa mtu anayetaka kujua mwenzake anawezaje kukaa mbele ya kitu kimoja muda wote huo. Nikaendelea kwenda kwa sababu kila safari nilirudi nyumbani nimeona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mbwa hata mmoja wa mtaani.

Penseli ya rangi tumezoea kuiona mikononi mwa mtoto wa chekechea, na pengine ndiyo maana wengi huidharau. Ndani yake mna unga wa rangi, udongo mweupe laini, gundi, na nta au mafuta. Kile kijiti cheusi cha penseli ya kawaida huokwa kwenye tanuri hadi kikawa kigumu. Cha rangi hakiokwi, hukaushwa tu, kwa kuwa moto ungeyeyusha nta na kuharibu rangi. Hivyo ni dhaifu. Penseli ikianguka kwenye saruji, nje itaonekana nzima, kumbe ndani imekatika vipande vitatu, na kila ukiichonga ncha inachomoka. Chini ya meza yake ametandika mkeka, na juu ya mkeka blanketi kuukuu. Alinieleza hivi: "Mzee wangu, zile nzuri haziuzwi dukani hapa. Naletewa na mtu anayesafiri. Ikidondoka moja, nasubiri mpaka mtu asafiri tena."

Zile nzuri anazosema ni kama Polychromos za Faber-Castell, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1761 katika mji wa Stein, karibu na Nuremberg, au Luminance za Caran d'Ache ya Geneva. Polychromos zilitoka mara ya kwanza mwaka 1908. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakivuna miti ya mwangati katika milima ya Usambara, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na njia ya waya ya kuteremshia mbao kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli. Mbao za mwangati ni laini, hazina mafundo mengi, na kisu huzikata bila kuzipasua. Zilisafirishwa Ulaya kutengenezewa penseli, na mpaka leo jina la Kiingereza la mti huo humaanisha mwerezi wa penseli wa Afrika. Nilipomsimulia habari hiyo alichukua moja ya penseli zake, akainusa kwenye ncha iliyochongwa, akairudisha koponi taratibu. Siku hizi miti ni mingine na inatoka kwingine, lakini nilipenda ile heshima.

Kabla ya rangi yoyote, anachora ramani. Kwenye karatasi ya pembeni anaweka umbo la kichwa, kisha analijaza mishale midogo inayoonyesha manyoya yanaelekea wapi. Sikujua kwamba mbwa ana mikondo. Manyoya huanzia nyuma ya pua yakipanda kuelekea paji la uso. Yakifika kati ya macho yanagawanyika, yanalizunguka kila jicho kama maji yanavyolizunguka jiwe, halafu yanateremka mashavuni. Pembeni mwa koo mikondo miwili hukutana na kuinua ukingo mwembamba kama mshono wa kanzu. Kifuani hujiviringa. Ukikosea mwelekeo, hata rangi zikae sawa namna gani, utakuwa umemvika mbwa zulia.

Mbwa wa Jumamosi ile alikuwa mbwa wa kawaida wa huku kwetu, mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mikunjo miwili mitatu kwenye paji la uso. Wengi hudhani mbwa mwenye manyoya marefu ndiye mgumu kuchora. Fundi alicheka niliposema hivyo. Manyoya marefu yanaficha. Manyoya mafupi yanaonyesha kila mfupa na kila mshipa ulio chini yake, na ukiyafanya mazito kidogo tu mbwa anavimba.

Basi nikakaa nikaitazama ile sehemu ya kiberiti ikijaa. Kwanza alipaka rangi ya maziwa kwa mkono mwepesi, karatasi ikabadilika kidogo sana. Juu yake akaweka kaki, mstari kwa mstari, akifuata mishale ya ramani. Kila mstari ukiisha aliinua mkono kabla hajasimama, ili mwisho wake uwe mwembamba kama ncha ya unyoya. Kisha ikaja rangi ya ugoro, na hapo ndipo niliposogeza kiti. Penseli ya ugoro haikugusa mistari ya kaki hata mara moja. Iliingia katikati yake. Hachori unyoya, anachora giza lililo kati ya unyoya na unyoya, na unyoya unajitokeza wenyewe. Baada ya hapo buluu nyembamba upande wa kivuli, kisha maji ya kunde juu ya vyote, kisha maziwa tena, safari hii kwa nguvu, mpaka rangi zilizo chini zikashikana. Kila baada ya mistari sita au saba alichonga. Alikuwa akizungusha penseli vidoleni ili ncha iishe sawa pande zote. Nilihesabu matabaka tisa, nikapoteza hesabu.

Mkono mwepesi una sababu yake. Karatasi nzuri ya pamba, hata ile laini, ina mkwaruzo mdogo unaoshika rangi. Nta ikiujaza mkwaruzo huo mapema, karatasi inakuwa kama sahani iliyopakwa mafuta, penseli inateleza na hakuna tabaka jingine litakaloshika. Kazi yote ni kuitunza ile nafasi ya mwisho hadi mwisho. Wanaoharakisha wanaimaliza siku ya kwanza.

Majina ya rangi ninayoyataja hapa ni yake, si ya kiwandani. Ubavuni mwa penseli kumeandikwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, lakini yeye husema ugoro, kaki, maji ya kunde, udongo mbichi. Chini ya koo, pale kivuli kinapozama, aliweka damu ya mzee kidogo mno. Nisingeiona kama hangenionyesha, na baada ya kuonyeshwa sikuweza kuacha kuiona. Sijui kama lugha nyingine ina ghala la rangi za manyoya kama hili letu.

Penseli nyeusi huigusa mwisho kabisa. Mbwa mweusi, anasema, ana buluu, kahawia nzito na wekundu, na akichorwa kwa nyeusi tupu anakuwa shimo kwenye karatasi. Mbwa mweupe ni kijivu, urujuani na manjano hafifu. Nyeupe yake halisi ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, maana penseli nyeupe juu ya rangi nzito haifuniki kitu. Hilo ndilo linaloleta shida ya masharubu. Masharubu ya mbwa ni meupe na yanapita juu ya shavu lenye giza. Utayawekaje mwisho wakati nyeupe haishiki? Anayaweka mwanzo. Huchukua kalamu ya wino iliyokauka, akaweka karatasi nyembamba juu ya ile ya kazi, akavuta mstari mmoja kwa kuukandamiza. Hakuna kinachoonekana, kuna mfereji tu kwenye karatasi. Wiki mbili baadaye anapopitisha rangi ya shavu juu yake, penseli inaruka mfereji, na sharubu linatokea jeupe. Mfereji ukipinda, haufutiki. Siku ya masharubu hanywi chai asubuhi.

Niseme na habari ya dirisha, maana imenifundisha kitu kuhusu mji wangu. Vitabu vya Ulaya humwelekeza mchoraji kukaa kwenye dirisha la kaskazini, ambako jua haliingii. Kigali iko takriban nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Hakuna dirisha hapa lisilopata jua mwaka mzima. Chumba chake kwa bahati kina madirisha mawili yanayoelekeana, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, anahamisha meza. Majirani hudhani anafanya usafi.

Kwenye kioo cha dirisha lisilo na meza amebandika ukanda wa karatasi wenye mistari ya rangi zake zote, nusu yake imefunikwa kwa kadibodi. Ni mtihani. Kuna kiwango cha kimataifa cha kupima uimara wa penseli za rangi mbele ya mwanga, kinaitwa ASTM D6901, na kampuni makini huandika alama, lakini yeye anataka kuona kwa macho yake. Baada ya miezi kadhaa hufunua kadibodi. Kahawia na rangi za udongo huwa hazijasogea. Waridi na baadhi ya zambarau huwa zimekimbia. Penseli za namna hiyo huwapa watoto wa jirani, na watoto wamekuwa na mbwa wengi wa zambarau ukutani kwao.

Lakini kuchora mbwa Kigali si jambo jepesi kama kumchora London au Geneva, na lazima niliseme wazi. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 mbwa walibaki mitaani bila wenyewe, wakala maiti. Askari waliwapiga risasi kwa wingi. Wageni waliokuja miaka iliyofuata waliandika kuhusu ukimya wa usiku wa nchi hii, nchi isiyo na mbwa wa kubweka. Mtu aliyeyaona yale hawezi kulaumiwa akivuka barabara anapomwona mbwa. Kutoka mlangoni kwa fundi, ng'ambo ya bonde la Kinamba, unaiona Gisozi, ambako Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ilifunguliwa mwaka 2004 na ambako wamelazwa zaidi ya watu 250,000. Fundi alizaliwa baada ya hayo. Hata hivyo, picha yenye mbwa haiachi ikitazama mlango. Kuna mzee wa jirani ambaye hupita kuazima kiberiti au kusalimia tu, na akisikia hatua zake fundi huigeuza picha ukutani kabla hajaitikia salamu. Hajawahi kuambiwa afanye hivyo. Mzee naye hajawahi kuuliza kwa nini picha daima zimegeuzwa. Adabu hiyo naihesabu kuwa sehemu ya ufundi wake, sawa na kuchonga penseli.

Na lugha zetu zenyewe hazikumtendea mbwa wema. Kwa Kinyarwanda, kumwita mtu imbwa ni tusi zito. Kwa Kiswahili tunasema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, na yule wa mtaani tukamwita mbwa koko, au mbwa mshenzi. Neno hilo la pili limesafiri mbali. Kuna mbwa wa Afrika ya Kati, wa Kongo hasa, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya shaba, mikunjo kwenye paji la uso na mkia uliojiviringa, ambaye habweki kama wengine bali hutoa sauti ya kama wimbo. Waingereza walimpeleka kwao, na mwaka 1937 alipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts watu walisongamana kumtazama. Leo ana hati, vyama, na bei. Jina lake rasmi ni Basenji, nalo latokana na neno lilelile la washenzi. Huyo tunayemfukuza kwa jiwe ndiye ndugu wa yule anayesafirishwa kwa ndege.

Nayataja haya kwa sababu ya kitu kimoja kinachonivutia kuliko vyote katika kazi ya Muhima. Fundi huchora pia mbwa wa kizungu, wa wateja wa mitaa ya kitajiri ya Kiyovu na Nyarutarama, mbwa wanaooga kwa sabuni yao wenyewe. Nimemwona akiwachora. Anatumia penseli zilezile, karatasi ileile, na saa zilezile. Mbwa koko wa Jumamosi ile, ambaye mwenyewe ni mama mmoja anayekaa vyumba vitatu chini ya mteremko, alipata matabaka yake yote na damu ya mzee yake chini ya koo. Karatasi ya A4 inachukua viberiti kama thelathini na tano. Hakupunguziwa hata kimoja.

Mbwa huyo alikuwa amekufa kwa uzee. Picha aliyoileta yule mama ilikuwa ya simu, na fundi alipoitazama mara ya kwanza alinyamaza. Simu ikisogezwa karibu hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Flashi huyageuza macho kuwa taa za kijani. Picha ya mama haikuwa na flashi, bahati nzuri, ila ilipigwa kutoka juu, kwa hiyo miguu ilipotea na paji likawa kubwa. Ilimbidi akae na yule mama jioni mbili, akimuuliza kama mbwa alikuwa na shingo nene au nyembamba, sikio lipi lililala, kama alitazama watu usoni au pembeni. Mama alijibu yote bila kufikiri. Niliona kwamba naye alikuwa mtazamaji, miaka kumi na miwili.

Jicho lilichorwa mwisho wa wiki ya tatu. Ningependa msomaji angekuwepo. Jicho lenyewe kwenye karatasi halizidi punje ya maharagwe. Ukingo wa kope ni mweusi na una unyevu, kwa hiyo juu ya weusi huo kuna uzi mmoja wa mwanga. Ndani, sehemu ya juu ina kivuli cha kope, na chini rangi inafunguka kuwa asali. Halafu kuna kile kidoa cheupe, karatasi tupu iliyolindwa tangu siku ya kwanza, ambacho kikiwekwa mahali pake mbwa anaamka.

Mwaka 1502 Mjerumani Albrecht Dürer alichora sungura kwa rangi za maji. Picha hiyo iko Albertina, Vienna, na katika jicho la sungura yule kuna dirisha dogo lenye pau zake, dirisha la chumba alimochorwa. Nilimwonyesha fundi kwenye simu. Aliikuza, akaitazama muda mrefu, kisha akaichukua simu yake akaikuza ile picha ya mama.

Kidoa cha mwanga katika jicho la mbwa kilikuwa mlango uliofunguka. Na katikati ya mlango, mdogo kuliko chembe ya chumvi, kulikuwa na mstari mweusi wenye vitu viwili vilivyoinuka pembeni. Alikuwa ni yule mama mwenyewe, ameinua simu kwa mikono miwili.

Fundi alichonga penseli ya kahawia nzito. Aliichonga, akaisugua ncha kwenye karatasi ya msasa, akapuliza. Akaweka mstari mmoja katikati ya kidoa, na nukta mbili. Hakuna atakayeiona akiwa amesimama. Lazima uisogelee picha mpaka pumzi yako iguse karatasi.

Picha iliachwa siku kumi ikipumzika. Nta ilipanda juu na kuweka utando kama ukungu kwenye sehemu nyeusi, akaufuta kwa kitambaa laini, akapuliza dawa ya kuzuia rangi isisogee, akaifunga kwa kadibodi mbili.

Kama una mbwa, mpige picha wiki hii, angali hai. Mtoe nje asubuhi, mkalishe kivulini karibu na mlango, zima flashi, kisha piga magoti mpaka macho yako yawe sawa na yake.